Manifoldi ya Ukutani na Tonge la Nne

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia kwangu Buguruni, akanipa shikamoo, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba macho yake yalikuwa yameshanipita na kupanda ukutani. Pale ukutani, kwenye msumari ambao wengine wangetundikia kalenda, nimetundika manifoldi ya mabomba manne. Imeota kutu, lakini umbo lake ni lilelile. Kila bomba linatoka na tundu lake, linajikunja kama kidole kinachoshika kikombe, halafu yote manne yanaungana kuwa mkono mmoja.

“Mzee, hiyo kitu ni kali!” akasema. “Nina gari la zamani, nimelitafutia injini nyingine. Naitaka hiyohiyo. Niuzie.”

Nikamwambia haiuzwi. Akacheka, akadhani navuta bei.

“Basi nishauri. Niweke ya chuma kizito au ya mabomba? Wenzangu kwenye simu wanabishana wiki ya pili sasa.”

Nilimpa chai, sikumpa jibu. Jibu langu ni refu na lina mtu ndani yake. Nimeona niliandike, mlisome nyinyi nyote mnaofufua magari ya babu zenu.

Kwa ambaye hajawahi kufungua boneti, manifoldi ya ekzosi ni kile chuma kinachofungwa ubavuni mwa injini. Kinapokea moshi wa moto kutoka kila silinda na kuukabidhi kwa bomba moja linalokwenda nyuma ya gari. Ni kitu ambacho hakizunguki wala hakisukumi chochote. Ndiyo maana mtu anayehamisha injini kutoka gari moja kwenda jingine hukifikiria mwisho, na ndiyo maana kinamuumbua.

Mimi nilijifunza hayo kwenye gereji moja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, miaka ya Ujamaa. Tulikuwa mafundi wanane katika ushirika mmoja, wote ndugu fulani na ndugu fulani, na mambo yakiharibika tuliketi kwenye mabenchi tukafanya mkutano. Spea zilikuwa hadithi. Gari likifa injini, hukuwa na duka la kwenda. Ulikwenda kutafuta gari jingine lililokufa kwa ugonjwa mwingine, ukachukua injini yake. Leo mnafanya hivyo kwa mapenzi. Sisi tulifanya kwa sababu mtu alitaka kufika anakokwenda.

Aliyetufundisha sote alikuwa Fundi Shomari. Mtu mfupi, mwenye kofia ya kufuma ambayo rangi yake hakuna aliyeikumbuka, na vidole vinene kama spana. Hakwenda shule, kusoma alijifunzia ukubwani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kosa langu la kwanza lilikuwa kulitaja jambo hilo siku niliyofika.

“Kidato cha nne?” akasema, akanitazama kuanzia viatu. “Vizuri sana. Haya, Kidato, nishikie hii.” Akanikabidhi ndoo ya oili chafu.

Tangu siku hiyo jina langu likawa Kidato. Hata wateja waliniita hivyo. Ukisikia “Kidaaato!” inatoka chini ya lori, ujue kuna nati imeanguka na mwenye mkono mwembamba anatakiwa.

Nilimtia hasara nyingi. Mara ya kwanza aliponituma nikate gasketi ya manifoldi, nilikata kutoka kwenye jalada la daftari. Nilipima kwa rula, matundu yote yakakaa sawasawa, nikajisifu. Gari lilipowaka, lile jalada liliungua likatoka vipande vyeusi vikielea gereji nzima. Fundi Shomari alikamata kimoja hewani, akakisoma: “Hapa pameandikwa ‘Jina la Mwanafunzi.’” Walinicheka mpaka sikukuu.

Lakini alinifundisha. Manifoldi ya chuma kizito aliitundika kwa kamba, akaigonga kwa spana ndogo. Ikilia kama kengele, ni nzima. Ikilia kama sufuria lililotoboka, ina ufa, hata kama jicho halioni. Akitaka kuuona ufa wenyewe, aliipaka mafuta ya taa, akaifuta ikauka, halafu akaisugua kwa chaki. Baada ya muda mafuta yalijitokeza kwenye chaki, mstari mwembamba kama unywele. Kufunga, alianza na nati za katikati akaenda pembeni, kamwe si kinyume chake, maana chuma kikipata moto kinarefuka na lazima kipewe pa kurefukia. Akalipasha gari moto, akaliacha lipoe, akakaza tena. Na kabla ya yote aliuliza: starta ikifa, je, naweza kuitoa bila kuing'oa manifoldi? Kama jibu ni hapana, hiyo manifoldi hukuichagua, imekuchagua.

Na kulikuwa na ugali.

Mkitaka kujua kama manifoldi ya injini ngeni itagusa kitu ndani ya gari, leo mna kamera ndogo za kupenyeza kila pembe. Fundi Shomari alikuwa na ugali. Asubuhi alimwagiza Mama Zuhura, aliyetupikia chakula cha mchana mlangoni pa gereji, ausonge mgumu kuliko wa kula. Siku hizo unga ulikuwa wa yanga, ule wa njano, na wenyewe ulipatikana kwa foleni.

“Nyie wanaume mna laana,” Mama Zuhura alikuwa akisema, akitua sufuria. “Watu wanalala kwenye foleni, nyie mnalisha magari!”

“Gari nalo lina tumbo, Mama Zuhura.”

“Basi na lioshe sufuria!”

Fundi Shomari alikata matonge ya ukubwa wa limau, akayapaka oili yasigande, akayabandika ndani ya gari mahali ambapo jicho halifiki: kwenye fimbo ya usukani, kwenye starta, kwenye bodi, kwenye paipu ya breki. Halafu injini iliteremshwa kwa mnyororo ikiwa na manifoldi yake, ikakaa mahali pake, nasi tukaitikisa kwa mtaimbo kushoto na kulia kama barabara itakavyoitikisa. Ikapandishwa tena. Matonge yaliyobaki ndiyo yaliyosema ukweli. Macho yake yalishaanza kufifia, kwa hiyo aliyasoma kwa vidole. Unene wa kidole kimoja ulitosha kati ya chuma na chuma. Kwenye paipu ya breki alitaka vidole viwili, hakukubali pungufu. Baada ya hapo matonge yalipangwa kwenye ubao, yakaandikwa namba kwa chaki, yakaachwa hapo yakauke mpaka gari lirudi salama kutoka safari yake ya kwanza. Na sheria ilikuwa moja: hakuna anayegusa tonge kabla yake.

Sasa nije kwa Mzee Kimaro.

Mzee Kimaro alikuwa na duka la jumla Kariakoo, mitaa miwili kutoka kwetu. Watu wa Kilimanjaro mnawajua, Desemba ikifika hawashikiki kwa safari ya kwao. Lakini yeye alikuwa na sababu zaidi. Mama yake alikuwa ameshapoteza macho, na kila Krismasi aliletewa kiti nje ya nyumba, akasikiliza magari yanayopanda mlima. Alilijua gari la mwanawe kwa mlio. Lilikuwa gari la Kiingereza, refu, la rangi ya maziwa, ambalo Mzee Kimaro alilinunua akiwa kijana. Mwaka mmoja injini yake ilikufa mwezi wa kumi.

“Siendi kwa basi,” alituambia. “Nikienda kwa basi atadhani sijaja.”

Tulimpatia injini kutoka gari la mradi mmoja lililopinduka porini. Injini nzuri, karibu mpya. Shida ni kwamba ilitengenezwa kwa nchi zenye usukani kushoto, hivyo moshi wake ulitokea kulia, na kulia kwetu ndiko ulikopita usukani na paipu ya breki. Manifoldi yake ya asili haikuingia kabisa. Ilibidi tutafute nyingine.

Fundi Shomari alizunguka siku tatu, akarudi na kipande cha chuma kizito, kifupi, kibaya cha sura, kimekaa kama mguu wa ng'ombe. Moshi ulishuka moja kwa moja chini, mbali na kila kitu.

Mimi nikarudi na hii niliyoitundika ukutani.

Niliipata kwa mtu mmoja Gerezani aliyewahi kutengeneza magari ya mashindano. Ilikuwa inang'aa. Niliibeba kwapani kutoka Gerezani mpaka gereji kwa miguu, na watu waligeuka kuitazama. Nilijua gari la Mzee Kimaro likiwa nayo lingenguruma kwa sauti ya kuwatoa watu madukani. Lakini, wanangu, sauti haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba nilikuwa na miaka minne pale, na hakuna kitu hata kimoja kilichokuwa kimefungwa kwenye gari kwa sababu mimi ndiye niliyekichagua. Nilitaka chuma cha Kidato kishinde chuma cha Fundi Shomari. Mara moja tu.

Yeye aliigeuza mikononi, akaigonga. Ililia vizuri.

“Nzuri,” akasema. “Bomba jembamba lina moto mkali, lakini ni nzuri. Hebu tuulize ugali.”

Hakuwa na wivu. Angeweza kukataa pale pale. Alitaka ipite kwa haki.

Tukateremsha injini, tukaitikisa, tukaipandisha. Adhana ya adhuhuri ikalia, akaweka mtaimbo chini. “Msiguse,” akasema, akaenda kuswali. Wengine wakaenda kula kwa Mama Zuhura. Nikabaki mimi.

Niliinama kuangalia tu. Tonge la kwanza zima. La pili zima. La tatu zima. La nne, la paipu ya breki, lilikuwa limelazwa jembamba kama chapati, katikati karibu linapasuka.

Nakumbuka jasho likinidondoka kwenye bodi ya gari, na sauti ya Mama Zuhura nje akimgombeza mtu kuhusu mchuzi. Nikanyoosha mkono, nikalibandua, nikalitupa kwenye oili chafu. Nikachukua ugali uliobaki kwenye sufuria, nikaufinyanga, nikaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukawa na unene wa vidole viwili, nikaupaka oili, nikaubandika. Kazi yote haikuzidi muda wa kufunga kamba za viatu. Nilijiambia kwamba nitaisogeza paipu kidogo kwa mkono kabla ya kufunga. Niliisogeza kweli. Kidogo.

Alirudi, akasoma. La kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la nne alilipima kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kwa mshangao. Hakuligeuza upande wa pili. Hakuwa na sababu ya kuligeuza.

“Kidato, una bahati,” akasema. “Funga yako.”

Mkinipa siku moja ya kurudi, sitachagua siku ya harusi yangu. Nitachagua dakika ile, niseme, “Fundi, ngoja kwanza.”

Tulilijaribu gari Jumapili asubuhi. Fundi Shomari alitaka safari ndefu, alipandishe na kulishusha vilima vya Pugu mara kadhaa, lakini petroli ilikuwa ya kuomba, na Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Tulifika Pugu mara moja tukarudi. Breki zilishika. Kariakoo ilitoka madukani kama nilivyoota. Mzee Kimaro alisimama mlangoni pa duka lake, mkono kifuani. “Mama atadhani nimenunua ndege,” akasema.

Aliondoka siku mbili kabla ya Krismasi, yeye na mkewe.

Saa kadhaa za moto wa Desemba, bomba jembamba likiichoma paipu kutoka pembeni. Kwenye mteremko mrefu wa Wami mafuta ya breki yalichemka, akakanyaga pedali ikaenda mpaka chini bila kushika kitu. Alikuwa dereva mzuri, alilitoa gari barabarani mapema, akalipeleka kwenye nyasi na vichaka. Likasimama kwa kugonga kichuguu. Mkewe hakuumia. Yeye alivunjika mkono. Mlimani hawakufika. Ilikuwa Krismasi ya mwisho ya mama yake, ingawa hilo tulikuja kulijua baadaye.

Alikuja gereji mwezi wa kwanza, mkono umefungwa shingoni, gari limekokotwa. Tukaketi kwenye mabenchi. Matonge bado yalikuwa kwenye ubao, yamekauka kama mawe, maana gari halikuwa limerudi salama na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuyatupa.

“Sikuja kugombana,” alisema Mzee Kimaro. “Nataka kujua tu ilikuwaje, kwa sababu nitalipanda tena.”

Mwenyekiti wetu akauliza nani alipima. Fundi Shomari alikuwa amesimama kwenye ubao. Alilichukua tonge la nne. Alilipima kwa vidole viwili. Halafu akaligeuza.

Tonge la kweli lina alama mbili: upande mmoja mfereji wa paipu, upande mwingine mgongo wa bomba. Lile langu lilikuwa na alama moja tu, ya kidole gumba. Kidole chembamba. Nilimwona akiweka gumba lake mwenyewe juu ya ile alama, likafurika pande zote. Hakunitazama. Alilitia tonge mfukoni.

“Nilipima mimi,” akasema. “Matonge niliyasoma mimi. Macho yangu yamekwisha, ndugu mwenyekiti, na sasa naona hata vidole vimekwisha.”

“Si manifoldi ya Kidato hiyo?” mmoja akauliza.

“Kidato aliileta tu. Kuipitisha ilikuwa kazi yangu.”

Mwenyekiti akanigeukia. “Ndugu Kidato, una neno?”

Watu sita wakaniangalia, na Mzee Kimaro na mkono wake. Yeye peke yake, Fundi Shomari, alikuwa anaangalia nje.

“Sina neno, ndugu mwenyekiti,” nikasema.

Hakuna aliyemfukuza. Alizikusanya spana zake mwenyewe, akamlipa Mama Zuhura chakula cha wiki, akamuaga kila mtu kwa mkono. Nilitaka anitukane. Alipofika kwangu alinitia tonge mkononi, akanifumba vidole juu yake.

“Ile yangu iko chini ya benchi,” alisema. “Mfungie mzee, aende kwa mama yake. Haya, fundi.”

Fundi. Miaka minne nililitamani neno hilo kutoka mdomoni mwake. Ningelipa lolote aniite Kidato.

Niliifunga ile manifoldi mbaya kama mguu wa ng'ombe kwa mikono yangu, nikianza na nati za katikati. Lilitembea miaka mingi gari lile, halikupata moto hata siku moja. Mama wa Mzee Kimaro hakuwahi kuisikia sauti yake mpya.

Fundi Shomari alikwenda kutengeneza injini za boti pale Feri, Kivukoni. Kwa karibu miaka miwili nilimfuata kila Jumamosi. Nilinunua samaki nisiyemhitaji, nikazunguka nyuma ya mnada ambako alikuwa na sanduku lake la spana. Alinikaribisha kila mara. “Karibu, fundi.” Tuliongea plagi, tuliongea mpira, alinipa kazi ya kushika hiki na kile. Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni tangu kwenye basi, maneno sita tu. Kila Jumamosi nilirudi nayo nyumbani pamoja na samaki. Nadhani alikuwa anaingojea. Nadhani alikuwa ananipa kazi za kushika ili nikae zaidi, nipate nafasi. Jumamosi moja sanduku halikuwepo. Wakasema amekwenda kusini kwa dada yake. Wengine walisema Kilwa, wengine Lindi. Niliandika barua nikawapa madereva wa malori wanaokwenda huko, barua nne, kwa nyakati tofauti. Nilienda Kilwa mara moja. Hakuna aliyemjua fundi mwenye kofia ya kufuma.

Tonge nalo halikukaa. Nililiweka kwenye kopo, wadudu wakalimaliza kabla ya mvua za masika. Kilichobaki ni hii ya ukutani, na kila anayeingia anaisifu.

Basi, kijana wangu, jibu la swali lako. Kama gari lina nafasi, na paipu za breki na za mafuta ziko mbali, na una bati la kukinga joto, na utalipeleka mteremko mrefu kabla hujampa mtu mwingine ufunguo, weka ya mabomba. Ni nzuri kweli, sauti yake mpaka leo naiota. Kama una shaka, weka ya chuma kizito, ile mbaya ya sura. Hakuna anayefungua boneti kwenye mteremko wa Wami kuangalia uzuri.

Na kama bado unaitaka hii yangu, njoo uichukue, bure. Njoo na gari lenyewe na unga kilo moja. Wa sembe utafaa. Tutasonga mgumu, tutabandika, tutateremsha injini na kuitikisa. Tukishaipandisha, msiguse tonge hata moja mpaka niyasome mimi. Macho yangu nayo yamekwisha, nitatumia vidole. Na wakati nasoma, mmoja wenu asimame karibu, aiangalie mikono yangu.